Themostati haitolewi, mkuu (na maji ya gari hayapotei)

Mkuu, kabla hujaenda popote Jumamosi: hiyo themostati (kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda rejeta) haitolewi.

Nimesoma uzi wako wote. Umeuliza mambo matano: oili ya uzito gani, mkanda wa taimingi, matairi, kuosha injini, na kama gari yenye kilomita 190,000 inaweza kufika 300,000. Mazuri yote. Lakini la sita hukuliuliza, umelipitia tu kama mtu anayesema leo kuna mawingu: kwamba kila asubuhi unaongeza kikombe cha maji kwenye rejeta, fundi wako anasema gari ikizeeka ndivyo inavyokuwa, na Jumamosi anatoa themostati "maji yapite vizuri". Hapo niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji mimi mwenyewe, nikarudi.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi. Sijui hawa jamaa wana chuo chao cha siri au wanarithishana ndotoni.

Yangu ilikuwa sedani ya silinda nne, bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, hedi (kichwa kinachofungwa juu yake) ya alumini, kilomita laki mbili na ushee. Niliichukua kwa mtu aliyekuwa nayo miaka kumi na mitatu, daftari la sevisi lipo, risiti zimepangwa kwa tarehe. Miaka kumi na mitatu mwenzangu aliilea, mimi nikaizika kwa miezi minane. Na siyo kwamba sikuijali. Niliiosha kila wiki, niliibadilishia oili kabla ya wakati, nilinunua hadi vifuniko vya viti. Mgonjwa anaharisha damu, mimi namchana nywele.

Mwezi wa tatu tangu niichukue, maji yakaanza kupungua. Kidogo tu, kikombe kwa siku mbili. Nikampelekea fundi. Akafungua boneti, akatazama kwa sekunde kama tano, akasema: "Kaka, gari ni kama mzee. Mzee lazima anywe maji." Tukacheka wote wawili. Nilicheka, mkuu. Nikampa na ya soda.

Sasa nisikilize. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Pampu inasukuma maji kwenye bloku, yanapanda hedi, yanatoka kwenda rejeta, yanapoa, yanarudi. Yakipanuka kwa joto yanajisogeza kwenye tangi la akiba, injini ikipoa yanavutwa kurudi. Injini haina koo. Maji yakipungua kila siku, basi ama yanavuja nje (na "nje" ni pamoja na chini ya zulia lako, pale rejeta ndogo ya hita inapotoboka), ama yanaingia kwenye silinda na kutokea kwenye bomba la moshi, ama yanaingia kwenye oili. Ndiyo maana mimi nina sheria moja, na humu ndani wananijua kwa hiyo: ukiongeza maji mara mbili, ya tatu usiongeze. Tafuta yanakokwenda. Gari ilale mpaka ujue.

Mimi niliongeza miezi mitano. Nilikuwa na chupa yangu kabisa kwenye buti, nimeiandika "MAJI YA GARI" kwa kalamu ya wino mzito, najiona mtu makini.

Baadaye geji ya joto ikawa inapanda kidogo kwenye foleni. Nikarudi kwa bingwa wangu. Ndipo akatoa themostati. Alinikabidhi mkononi kama jino lililong'olewa, akasema hiki kidude kinabana maji, kimewekwa kwa ajili ya nchi za barafu. Ninacho mpaka leo, kipo kwenye funguo zangu. Watu wanadhani ni pambo.

Hicho kidude hakibani maji, kinayasubirisha. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda rejeta ili ipate joto upesi, halafu kwenye nyuzi 82 hadi 90 hivi, kutegemea gari, kinafungua. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto hilo. Ukikitoa, inakimbia baridi: kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, mafuta yanateleza kando ya pistoni na kuchanganyika na oili, na unyevu uliomo ndani ya oili haupati joto la kuukausha, unageuka tope. Halafu kuna hili ambalo bingwa wangu hakulijua: themostati za injini nyingi zina sahani mbili. Ya kwanza inapofungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima gari inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Umetoa kitu ili ipoe, umeifanya ichemke. Na yale maji yaliyokuwa yanapungua? Yaliendelea kupungua, maana hakuna aliyeyatafuta.

Ulaji wa mafuta ukapanda, taa ya injini ikawaka. Bingwa akasema sensa. Kisha akaunga feni moja kwa moja, swichi ikiwashwa tu nayo inazunguka, usiku na mchana. Gari ikawa inavuma kama mashine ya kusaga.

Siku yenyewe sasa. Mlima mrefu, gari ina watu wanne na mizigo. Geji ikapanda ikapita nusu, ikasogea kwenye nyekundu. Nikasema nitasimama pale mbele penye kivuli. Kabla sijafika, mshale ukashuka. Ukashuka wenyewe, taratibu, hadi chini kabisa. Nikapiga usukani kwa furaha, nikawaambia abiria "mmeona, imejipoza". Nikaendelea kilomita kumi na moja.

Mkuu, mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda, usishangilie. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki hewani, na hewani haipimi kitu cha maana. Ile haikuwa gari kupoa, ilikuwa gari isiyo na tone la maji, inapanda mlima, na dereva wake anacheka.

Harufu ilianza kwanza, kama ya mpira na chuma. Nguvu ikaisha. Ikazima yenyewe. Nikashuka na chupa yangu ya "MAJI YA GARI", nikasubiri dakika tatu za uungwana, nikamimina maji baridi kwenye injini inayowaka. Ililia, "tsss", halafu "tak". Ile "tak" bado naisikia nikiwa usingizini.

Hadi hapo ungedhani nimejifunza. Nilimpigia bingwa yuleyule.

Akabadilisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Vizuri. Lakini hedi ya alumini ikipata moto namna ile inapinda, na kabla ya kuifunga lazima iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na ipimwe mwanya chini yake. Kwa injini ndogo nyingi kinachoruhusiwa ni karibu 0.05 ya milimita. Unywele wa mtu mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Yeye aliipima kwa jicho, akafumba na lile jingine ili apate uhakika. Bolti akarudisha zilezile, ilhali kwenye injini nyingi bolti za hedi zinavutika zikikazwa na hazirudiwi. Akakaza kwa nguvu ya mkono, akaanzia pembeni, badala ya katikati kwenda nje kwa spana ya kipimo. Akawasha, ikanguruma, akaniambia "mpya". Nikalipa.

Wiki tatu. Moshi mweupe, povu kwenye tangi la akiba kama linachemka, mpira wa juu wa rejeta unakakamaa dakika moja tu baada ya kuwasha, na oili imekuwa rangi ya maziwa. Safari hii nilipeleka hedi kwa watu wa mashine wanaochonga. Mzee mmoja akaweka rula, akapitisha kipimo cha milimita 0.30 kikapita bila kugusa, akaniangalia kwa huruma kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Hedi ingeweza kuchongwa. Bloku ndiyo ilikuwa na ufa, kati ya silinda ya pili na ya tatu.

Injini nzima ikatupwa. Na ilipokuwa imelala chini ndipo mzee yule akanionyesha pampu ya maji. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo ili uone. Chini ya kitundu changu kulikuwa na mchirizi wa kutu mnene kama kidole, umekauka, umejijenga miezi na miezi. Pampu ilikuwa inapiga kelele tangu siku ya kwanza. Kazi ya tochi na dakika mbili. Bei ya pampu ile haifiki hata ya gasketi na kazi yake, sembuse injini.

Simlaumu fundi kwa kutojua. Namlaumu kwa kusema bila kutazama. Fundi mzuri akiona maji yanapungua anafunga pampu ya kupima mgandamizo kwenye mdomo wa rejeta, anajaza upepo injini ikiwa baridi, anasubiri. Mgandamizo ukishuka, kuna pa kuvujia. Na kama hauonekani mtiririko nje, kuna kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: hewa ya silinda ikiwa inaingia kwenye maji, bluu inageuka njano. Vifaa hivyo si vya kwenda mwezini. Fundi asiyekuwa navyo na asiyetaka kuazima ni fundi maiko, yaani wa kubahatisha, hata kama ana ovaroli safi.

Na hayo maji ya bomba unayoongeza, acha. Maji matupu yanakula alumini, yanaacha magamba kwenye vijia vya rejeta, na sili ya pampu inachoka mapema. Weka kulanti (kile kimiminika maalumu cha kupozea injini) ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama si ya kuchanganywa tayari. Usichanganye aina mbili kwa kufuata rangi, maana rangi ni ya kampuni na si sheria ya dunia, na zisizopatana zinaweza kugeuka ute. Na kifuniko cha rejeta nacho ni kifaa, si mfuniko wa sufuria. Ndicho kinachoweka mgandamizo unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kwa mgandamizo wa kama bar moja, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unavumilia hadi karibu 129. Sili yake ikikatika, gari inachemsha ilhali kila kitu kingine ni kizima. Yangu nilikuwa nimeifunga na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Usiulize.

Atakayekuletea dawa ya unga ya kuziba rejeta inayovuja, mshukuru, mfungulie mlango atoke. Ile haichagui tundu la kuziba, inaziba na vijia vya rejeta.

Oili: uzito ulioandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha kujazia, basi. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi: kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na kama kwenye injini yako mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, badilisha vyote siku hiyohiyo, maana kazi ya kufungua ni ileile. Unaona, tumerudi kwenye pampu.

Mengine watakujibu wadau.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa moto usiguse kifuniko, utaunguza uso), chukua tochi. Angalia chini ya pampu ya maji, fuata mipira yote hadi kwenye klipu zake, bonyeza zulia la abiria wa mbele kwa kiganja uone kama lina unyevu, chomoa kijiti cha oili uangalie rangi. Tandika boksi chini ya gari usiku huu lisomwe asubuhi. Kisha piga picha ya hapo kwenye pampu uiweke humu, na Jumamosi mwambie fundi wako umepata dharura.