Gome limebambuliwa, mbona mti haukufa siku ileile?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mwarobaini wa uani kwetu majirani wameubambua gome la dawa, leo kidogo kesho kidogo, mpaka jeraha likazunguka shina lote. Miezi miwili majani yalibaki mabichi, sasa yananyauka. Mtu akikatwa mshipa mkubwa hamalizi hata saa. Huu mti ulikuwa unaishi kwa nini? Na utapona?

JIBU: Marahaba. Kaushike mti wako hapo juu kidogo ya jeraha. Utakuta gome limevimba kama mdomo mnene. Upande wa chini hakuna uvimbe wa namna hiyo. Malpighi, tabibu wa Kiitaliano, aliuona uvimbe huo karne ya 17 kwenye miti aliyoibambua makusudi. Kuna kitu kilikuwa kinashuka, kikakwama.

Kitu chenyewe ni sukari. Hutengenezwa majanini, ikapita kwenye floemu, mirija ya seli hai iliyo upande wa ndani wa gome. Maji yana njia yake: hupanda kwa zailemu, ndani ya mbao, na huko visu vya majirani havikufika. Kwa hiyo majani yaliendelea kunywa. Waliokatiwa chakula ni mizizi. Ikala akiba yake ya wanga, akiba ikaisha, ikashindwa kufyonza maji, ndipo juu kukaanza kunyauka.

Mtu ni habari nyingine. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa ametulia moyo huzungusha kiasi hicho kwa dakika moja hivi. Ateri kubwa ikikatika, moyo huohuo ndio unaoimwaga damu nje. Mti hauna pampu. Mirija ya zailemu ni seli zilizokwisha kufa, zimebaki tupu kama mrija wa soda. Jua likivukiza maji kwenye majani, yanayotoka huyavuta ya nyuma yake, maana maji hushikamana, na mvuto huo unafika hadi mizizini. Sehemu kubwa huishia hewani, hairudi tena. Ndiyo maana huniudhi kidogo nikisikia utomvu ukiitwa damu ya mti.

Kuhusu kupona: ungeniuliza wiki ile ya kwanza ningekwambia utengeneze daraja, yaani vijiti vibichi vya mwarobaini huohuo, ncha moja ipachikwe chini ya jeraha na nyingine juu, tabaka la ndani ya gome ligusane na lenzake. Sasa umechelewa. (Usiufananishe na mbuyu; huo watu huubambua kwa ajili ya kamba na gome likaota upya.) Kata shina chini ya jeraha. Mwarobaini huchipua vizuri kisikini, ikiwa mizizi haijaishiwa kabisa. Machipukizi yakitoka usiyapunguze mapema, maana majani yake ndiyo yatakayoilisha mizizi.