Gemu isiyo na mshindi: kwa nini bado nacheza Minecraft

Mkuu, umeuliza swali la msingi: gemu haina kombe wala ligi, mtu anakesha anapanga vitofali, raha yake iko wapi? Naicheza Minecraft miaka mingi sasa, nilianzia kwenye simu nikahamia kompyuta, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Joka la mwisho lipo, na ukiliua maandishi yanapita kwenye skrini utadhani filamu imeisha. Ila hakuna anayekulazimisha kulifuata. Ukilimaliza unarudi kwako, miwa yako iko pale pale, kazi inaendelea.

Na nikueleze hiyo miwa, maana ndiyo iliyoniteka. Kwenye Minecraft muwa huota kando ya maji tu, na hukua hadi bloku tatu, yaani vile vitofali vya gemu. Ukivunja pingili ya katikati, ya juu nayo inaanguka, shina linabaki na kuchipua upya. Gemu inakupa kanuni hizo, mengine juu yako. Ukichoka kuvuna kwa mkono unaanza kuwaza: kuna bloku yenye uso, kazi yake kuchungulia kilicho mbele yake kikibadilika. Nikiiweka usawa wa pingili ya tatu, muwa ukifika pale itashtuka na kutoa mkondo. Mkondo upite kwenye vumbi la redstone, ambalo ndani ya gemu ni kama waya wa umeme, nililolimwaga nyuma, ushuke kwenye pistoni iliyo chini yake, pistoni isukume pingili ya pili. Miwa idondokee kwenye maji, maji yaisombe hadi sandukuni. Siku pistoni ilipogonga yenyewe bila mimi kugusa kitu, nilisimama pale naangalia tu, muwa baada ya muwa. Hakuna aliyenituma kuujenga mtambo ule, na hakuna pointi niliyopewa. Wazo lilikuwa langu, likafanya kazi. Raha unayoiulizia ndiyo hiyo.

Halafu wazo moja linazaa jingine. Mkondo wa redstone unakufa baada ya bloku 15, kwa hiyo shamba likipanuka unalazimika kujua namna ya kuuongezea nguvu. Unagundua mwenge wa redstone unazimika ukipelekewa mkondo, na unawaka mkondo ukikatika. Kwa kanuni ndogo kama hiyo watu wamejenga vikokotoo vinavyojumlisha kweli, humo humo ndani ya gemu.

Kwenye majengo ni vivyo hivyo. Bloku moja ni mita moja kila upande, kwa hiyo nyumba ya pwani yenye baraza na tao mlangoni inakusumbua kichwa: tao halitaki kuviringika. Dawa yake ni kugeuza vipande vya ngazi juu chini kwenye kona za mlango. Ukishalijua hilo, hata mtaani unaanza kutazama milango kwa jicho jingine.

Mimi napendelea hali ya kuishi, ile yenye njaa na mazombi usiku, kuliko ile ya kupewa kila kitu bure. Jiwe ulilolichimba mwenyewe unaliweka kwa makini zaidi. Wengine watapinga, na wana haki yao.

Kwa wanaosema ni mchezo wa watoto: mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake makuu Nairobi, lilianza mradi wa Block by Block pamoja na Mojang, kampuni ya Sweden iliyoitengeneza gemu hii, ili wakazi wapange maeneo yao ya wazi ndani ya Minecraft. Kati ya maeneo ya mwanzo kabisa ni uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Ramani ya msanifu majengo si kila mtu anaielewa. Lakini ukimtembeza mkazi ndani ya uwanja wenyewe kwenye skrini, atakuonyesha mara moja anapotaka taa na anapotaka njia. Naliheshimu sana wazo hilo.

Kama bajeti hairuhusu, kuna Luanti, zamani ikiitwa Minetest, nayo ni ya kupanga vitofali vilevile. Ni ya bure, inaingia kwenye Android, na ukishapakua unachokihitaji unacheza bila bando. Anza na nyumba ndogo kando ya maji, panda miwa. Ukikwama kwenye pistoni weka picha hapa hapa kwenye uzi, tutaitazama pamoja.