Gome Bila Kipimo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: dawa za miti wanazozijua wazee wa vijiji vya milimani, je, zifungashwe na kuuzwa mijini? Mimi ni mkazi wa Igoma, Mwanza, lakini likizo za utotoni nilizimalizia kwa bibi mzaa mama, juu kabisa ya Lushoto, ambako zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Bibi hakuwa mganga, ila alijua kuchimba dawa, na sisemi kwa maana ya abiria wa mabasi. Alibandua gome upande mmoja tu wa shina, kipande kisichozidi kiganja chake, kisha akapaka udongo alioufinyanga kwa maji pale palipobaki wazi, na mti huo hakuugusa tena mpaka kovu lizibe. Mzizi alikata mmoja, shimo akalifukia. Kipimo nacho kilimtazama mgonjwa: mjamzito hakupewa kabisa, mtoto alipewa vijiko viwili vya chai, na homa ikivuka siku ya pili mgonjwa alibebwa kwa machela hadi zahanati bila mjadala.

Biashara ikiingia, uangalifu huo ndio hutangulia kufa. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, ulibanduliwa kuzunguka shina zima, hasa Kameruni, hata miti mingi ikakauka ikiwa imesimama. Mwaka 1995 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa.

Jibu langu, basi, ni kwamba ziuzwe, mradi kila kifurushi kitaje jina la mti, sehemu iliyochukuliwa, kipimo, na mtu asiyepaswa kuinywa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtaka mganga asajiliwe, nalo ni jambo jema, lakini mnunuzi anaondoka na gome, haondoki na mganga.

Mwezi uliopita, karibu na kivuko cha Kamanga, nilimwuliza kijana muuza magome ni ya mti gani.

“Yanatoka milimani, mama.”

“Nanywa kiasi gani?”

“Kikombe asubuhi, kikombe jioni.”

Nikamwuliza kikombe kipi. Akatazama huku na huku, akainama chini ya meza, akaokota kikombe chake cha chai, akakung'uta majani yaliyobaki, akaninyooshea.