Msimbo wa kusahihisha makosa, au wa kurekebisha hitilafu?

Swali: Naandaa somo kuhusu misimbo mstari, ile inayolinda ujumbe unaopita katika njia yenye kelele, yaani usumbufu unaoweza kuuharibu. Wenzangu wanaandika "msimbo wa kusahihisha makosa", nami nasita. Ni Kiswahili sanifu?

Jibu: Ni sanifu, na utaeleweka. Hata hivyo, mimi ningeandika "msimbo wa kurekebisha hitilafu".

Mwalimu akisahihisha mitihani anaweka alama za pata na kosa, na jibu lililokosewa linabaki vilevile. Kusahihisha kwetu kumebeba pia maana ya kukagua tu, ilhali katika fani hii kukagua na kurekebisha ni kazi mbili. Msimbo ambao maneno yake (mifuatano ya biti, yaani ya 0 na 1) hutofautiana kwa nafasi tatu au zaidi unaweza ama kurekebisha biti moja iliyogeuka, ama kugundua kwamba kuna hitilafu hata zikigeuka mbili na kuishia hapo.

Tazama msimbo aliouchapisha Richard Hamming wa Bell Labs, maabara za utafiti za Marekani, mwaka 1950. Biti 1011 huongezewa tatu za ukaguzi, katika nafasi ya 1, 2 na 4, tukapata 0110011. Tuseme biti ya 5 imegeuka njiani, ikafika 0110111. Mpokeaji anakagua mafungu matatu, na kila fungu lapaswa kuwa na 1 kwa idadi shufwa. Nafasi 1, 3, 5 na 7 zina 1 tatu: witiri. Nafasi 2, 3, 6 na 7 zina nne: sawa. Nafasi 4, 5, 6 na 7 zina tatu: witiri tena. Mafungu yaliyoharibika yanaanzia 1 na 4. Jumla ni 5. Anaigeuza biti ya 5, na ujumbe umerudi kama ulivyotumwa. Huko ndiko kurekebisha.

Kosa nalo lina mkosaji, na hapa mtumaji hakukosea lolote. Huenda ni radi tu. Hitilafu haimlaumu mtu. Tena tunasema watu wamehitilafiana, yaani wametofautiana, na umbali wa Hamming ni hesabu hiyohiyo: idadi ya nafasi ambazo maneno mawili yanahitilafiana. Sioni neno jingine linaloikaa maana hii vizuri hivi.

"Kelele" iache, hata kama hakuna sauti inayosikika. "Msimbo mstari" pia uache, ila ufafanue mara ya kwanza: ukijumlisha maneno yake mawili biti kwa biti, 1 na 1 zikitoa 0, jibu nalo ni neno la msimbo huohuo.