Mwanangu, hii hapa orodha yangu ya Genesis

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ni nyimbo zipi tano za Genesis, ile bendi ya roki ya Uingereza, ninazozipenda kuliko zote, kisha ukanichokoza: "Na usiniambie ya kwanza ni Supper's Ready, Mama, kila mtu husema hivyo." Nimekaa na swali lako siku tatu. Si ya kwanza. Ni ya pili, na hilo limeniuma kidogo.

Ya kwanza ni Firth of Fifth, ya mwaka 1973. Ndiyo ile inayoanza kwa piano ya Tony Banks peke yake, mapigo yakibadilika kila unapodhani umeyashika. Ulipokuwa mdogo ulijaribu kuyafuata kwa vidole mezani, ukaishia kununa. Maneno yake, kusema kweli, hayana kichwa wala miguu: mara kondoo, mara mchungaji, mara mto. Hata jina ni mchezo tu wa kuligeuza Firth of Forth, ule mlango wa mto kule Uskoti. Lakini ngoja ufike katikati. Peter Gabriel, mwimbaji wao wa enzi hizo, anapuliza filimbi, sauti fupi yenye simanzi, halafu inapita na unaisahau. Piano inarudi, vinanda vinapanda, muziki unajaa. Hapo ndipo Steve Hackett anaiokota sauti ile ile ya filimbi kwa gitaa la solo, bila haraka, noti moja akiivuta hadi unajiuliza itakatika lini. Wapiga solo wengi hutaka uone vidole vyao vinavyokimbia. Hackett enzi hizo alipiga akiwa amekaa kitini, kama mtu anayesoma gazeti. Kipimo changu ni kimoja tu: wimbo upi huniachisha ninachofanya? Huu haujanikosa hata mara moja.

Sasa Supper's Ready. Ni ya 1972, kwenye albamu ya Foxtrot, dakika zipatazo 23 zenye sehemu saba. Inaanza na wapenzi wawili sebuleni na kuishia Yerusalemu Mpya, ile ya kitabu cha Ufunuo. Katika sehemu ya sita gitaa na drams zinazunguka kwa mapigo tisa, huku Banks akipiga kinanda juu yake kana kwamba hakuna aliyemwambia wenzake wanahesabu nini. Kisha Gabriel anaingia akiitaja 666, nami bado nywele hunisimama. Basi kwa nini ya pili? Kwa sababu ya Willow Farm, sehemu ya tano, ule utani wa vyura na wana wa wafalme. Jukwaani Gabriel aliuimba akiwa amevaa ua kubwa kuzunguka uso, na picha zake hunichekesha mpaka leo. Kwenye albamu hakuna ua la kutazama, na ukishausikia mara mia unatamani upite upesi.

Ya tatu ni Los Endos, ya 1976, ambayo haieleweki vizuri bila hiyo ya pili. Gabriel alikuwa ameshaondoka mwaka 1975, na Phil Collins, mpiga drams, akalazimika kuwa mwimbaji. Wimbo wenyewe karibu wote ni vyombo vitupu. Ukiwa unafifia mwishoni, tega sikio: Collins anaimba kwa mbali maneno ya Supper's Ready, yale ya malaika aliyesimama kwenye jua. Mimi huyasikia kama kwaheri kwa mwenzao, bila kumtaja jina.

Ya nne The Musical Box, 1971. Mtoto aliyeuawa anarudi kama roho na kuzeeka mbele ya macho yako. Usiisikilize usiku.

Ya tano utashangaa, maana wewe huniita mama wa kabla ya 1977, yaani kabla Hackett hajaondoka: Turn It On Again, ya 1980. Watu huidhani pop ya kawaida hadi wajaribu kuipigia makofi. Ina mapigo kumi na matatu kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukumbi mzima hupotea pamoja. Banks, Mike Rutherford wa besi na Collins walibaki watatu tu, na ufundi ule wa zamani wakauficha ndani ya wimbo wa dakika nne.

Najua utauliza kuhusu Mama, ya 1983. Jina lisikudanganye, si wimbo wa kumsifu mzazi; ni kijana aliyenaswa na mwanamke wa danguroni. Kile kicheko cha Collins kilikufanya ukimbilie chini ya kitanda, ndiyo maana sikuupiga tena nyumbani kwa miaka. Ningeuweka wa sita.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa London, Machi 26, 2022. Collins aliimba amekaa, mwili ukiwa umemkatalia, na kwenye drams alikuwa mwanawe Nic, kijana wa miaka 20. Gabriel alikuwepo, safari hii miongoni mwa watazamaji. Walifunga kwa The Carpet Crawlers, wimbo wa enzi zake, na sijui nitauwekaje nje ya tano bora baada ya kulikumbuka hilo. Pengine The Musical Box itabidi ishuke.

Nitumie orodha yako kabla sijabadilisha yangu tena.

Mama yako