Wasomaji Wanauliza: Askari Wetu Hakurudi, Tumkumbuke Vipi?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi niko Nakuru huku Lanet lakini kwetu ni Siaya. Ndugu ya babu yangu alichukuliwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia akapelekwa Burma, siku hizi Myanmar, na hakurudi, wazee walikuwa wanasema alikuwa kijana tu hata hajaoa. Nyumbani walizika yago badala yake. Sasa wazee wameisha karibu wote na sisi wajukuu tunataka kujua kama jina lake limeandikwa mahali popote. Binamu yangu anasema Gilgil kuna makaburi ya jeshi, si ni karibu, twende tuangalie huko? – Mjukuu, Nakuru

JIBU: Sijambo Mjukuu. Kwa wasomaji ambao si wa Nyanza, yago ni lile tunda refu zito la mwegea, mtu akifia mbali na mwili usipatikane Wajaluo wanalizika bomani kama vile wangemzika yeye, kwa hivyo kaburi mnalo tayari, msiseme hamna.

Gilgil mnaweza kwenda, ni matatu moja tu kutoka hapo, na makaburi yanatunzwa vizuri, lakini waliozikwa pale ni wale waliofia huku huku, Gilgil ilikuwa kambi kubwa ya jeshi wakati huo. Aliyekufa Burma hamtampata hapo. Kabla mlipe nauli ingieni kwenye intaneti mtafute CWGC, hiyo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, tovuti yao ina sehemu ya kutafuta jina na ni bure. Wale hawakupatikana huko Burma majina yao yamechongwa kwenye Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje kidogo ya Yangon, ndiyo Rangoon ya zamani, karibu majina 27,000, na Waafrika wako. Msimpoteze kwa spelingi tu manake karani aliandika vile alisikia, kwa mfano kama ni Otieno jaribuni pia Othieno, Utieno, jaribuni jina la baba yake peke yake, jaribuni jina la ubatizo. Mkipata namba yake ya jeshi ama batalioni mtakuwa mmepiga hatua kubwa, na kama kuna karatasi yoyote ya zamani kwenye sanduku la nyanya, barua, medali, hata bahasha tupu, piga picha leo leo kabla mchwa hawajamaliza.

Jambo lingine, ulizeni wazee waliobaki kama alikufa msituni ama baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli inaitwa Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizama ndani ya dakika chache na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wakiwa vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kama alikuwa humo basi mtafuteni kwenye East Africa Memorial pale Nairobi, makaburi ya jeshi ya Ngong Road, siyo Rangoon. Na kama alifika Burma yenyewe, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo ilisukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 masika yakinyesha, matope mpaka magotini na malaria juu yake, hadi wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Watoto wenu wasomewe hiyo, shuleni inapitwa haraka sana.

Na msikate tamaa mkikosa mara ya kwanza. Kwa vita vya kwanza ingekuwa ngumu zaidi, 2021 hiyo Tume yenyewe ilikubali na kuomba msamaha kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, hasa wapagazi, hawakuandikwa jina popote huku Mzungu aliyekufa naye akiwekewa jiwe lake. Wa vita vya pili wengi wameandikwa.

SWALI: Mwalimu habari. Ndugu yangu mdogo alikuwa KDF, jeshi la Kenya, alikufa El Adde kule Somalia 2016. Mama kila Januari anataka ibada, tenti, kwaya, tisheti za picha yake, na kaka zangu wamechoka, wanasema ni gharama na pia mama anajitonesha kidonda. Mimi shida yangu ni mtoto wake. Alikuwa hajatimiza mwaka baba yake akienda, sasa yuko gredi ya nne, na kitu anajua ni ile picha ya yunifomu kwa ukuta na kwamba baba alikuwa shujaa. Juzi akaniuliza, aunty, baba alikuwa anacheka? Nikakosa la kusema. Na anasema akikuwa mkubwa ataenda jeshi amalizane na hao watu. – Dada Mkubwa, Kisumu

JIBU: Pole sana dada yangu, na pole kwa mama. Nimeweka barua yako chini ya ile ya Nakuru makusudi, soma ile tena. Familia nzima na kitu imebaki ni kwamba alienda Burma na hakuwa ameoa. Hakuna anayejua alikuwa mrefu ama mfupi. Hapo ndipo huyo kijana wenu anaelekea kama mtaendelea na neno shujaa peke yake, manake shujaa haulizwi maswali, anasimamishwa kwa ukuta tu basi.

Huyo mtoto amekuuliza swali zuri kuliko yote nimepata mwaka huu. Mjibu. Alikuwa anacheka vipi, alikuwa anaogopa nini, alishabikia Gor Mahia ama timu gani ya mpira, alichapwa na mama juu ya nini, alikuja likizo ya mwisho akala nini. Na usimfanye malaika, kama alikuwa mkopaji sugu sema, mtoto atacheka na baba atakuwa mtu. Tafuta wenzake aliosoma nao na hata wale walikuwa naye kambini, rekodi sauti zao kwa simu, halafu weka kopi mahali pengine pia kwa sababu simu zetu zinaibiwa.

Siku yenyewe pia mwambie, kwa maneno ya umri wake. Kwamba ilikuwa Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, Al-Shabaab wakavamia kambi kule Gedo, Somalia. Kwamba wengi walikuwa wa kikosi cha 9 cha Kenya Rifles, wale wa Moi Barracks Eldoret, na ibada ikafanywa hapo hapo Eldoret marais watatu wakiwa wamekaa, wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia. Serikali haijawahi kutangaza rasmi walikufa wangapi, na akiwa mkubwa atauliza kwa nini, usimnyamazishe.

Kwa ibada ya mama mimi niko upande wake, samahani kwa kaka zako. Tenti na tisheti mnaweza kuacha, hizo ni za majirani. Lakini mama kusema jina la mtoto wake mbele ya watu mara moja kwa mwaka hiyo msimnyime, chai na mandazi hapo bomani inatosha, kila mtu aseme kisa kimoja na huyo mvulana akae mbele. Kaka zako wakisema hawana pesa waambie waje na sukari.

Ya kwenda jeshi, bado ni mdogo sana, usibishane naye. Ila hiyo ya kumalizana na watu usiiache ipite hivi hivi, keti naye umuulize anamaanisha nini, na kama anaota vibaya ama anapigana shuleni ongea na mwalimu wake, na mtafute mshauri wa watoto mapema.