Tajiri wa Kichina na Kadi ya Chama: Maswali Yenu

China ni nchi ya kikomunisti. Mabilionea wametoka wapi? (Msomaji, Mwanza)

Wa mwanzo walitoka sokoni. Nian Guangjiu wa mji wa Wuhu alikuwa akikaanga na kuuza mbegu za tikiti. Biashara ikamkubali, akaajiri watu zaidi ya 100. Balaa! Wakati huo mwisho ulikuwa vibarua 7. Ukifika wa nane umekuwa bepari, hesabu iliyochotwa kwenye mfano wa Karl Marx mwenyewe, baba wa fikra za kikomunisti. Wapo waliotaka ashughulikiwe. Mwaka 1984 Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China wakati huo, akasema aachwe kwanza, ionekane itakuwaje. Katiba ikaja kuzitambua kampuni binafsi 1988. Mpaka leo mwendo ni huo: mtu anajaribu, Chama cha Kikomunisti kinamtazama, sheria inakuja nyuma.

Nafuata mzigo Yiwu, China. Nimesikia viwanda vya watu binafsi vina matawi ya chama. Kweli? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kweli. Katiba ya Chama inataka penye wanachama watatu au zaidi paundwe tawi, na sheria ya makampuni inamtaka mwenye kampuni alipatie tawi hilo nafasi. Kwenye karakana ndogo huenda usilione kabisa. Kwenye kampuni kubwa za mtandao ni habari nyingine: serikali ilichukua asilimia 1 tu ya kampuni tanzu ya ByteDance, wenye TikTok, ikapata na kiti kwenye bodi. Mimi ningekitaka kiti kuliko hisa.

Tajiri anaruhusiwa kuwa mwanachama?

Ndiyo, tangu Jiang Zemin, kiongozi wa Chama wakati huo, alipofungua mlango 2001. Hata Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ana kadi.

Basi Jack Ma alikosa nini?

Oktoba 2020, akiwa Shanghai, aliwasema hadharani wasimamizi wa fedha, akidai benki zinafikiri kama maduka ya rehani. Siku chache baadaye, hisa za Ant Group, kampuni yake ya malipo na mikopo, zikazuiwa zikiwa zimebakiza siku mbili kuingia sokoni. Aprili 2021 Alibaba ikapigwa faini ya yuan bilioni 18.2. Wasimamizi walikuwa na hoja, maana Ant ilikopesha sana huku mtaji wake mwenyewe ukiwa mdogo humo. Ila kasi ile, kwangu, ilikuwa ya kumkumbusha nani mwenye nyumba.

Sasa wamelegeza?

Kiasi. Februari 2025 Xi Jinping aliwaita matajiri, Ma akiwemo, na sheria ya kuinua sekta binafsi ikaanza Mei 20. Uongozi wa Chama umeandikwa humo mapema kabisa. Mwenye kiwanda kidogo atakimbilia vifungu vya mbele zaidi, vinavyozikataza ofisi za serikali kumcheleweshea malipo yake.